Tarehe ya Jina la Tanzanaiti

Hizi ni habari za jina la jiwe la Mererani: lilikotoka, waliolitoa, na njia liliyopita hadi kufika lilipo leo. Habari za jiwe lenyewe ni ndefu kuliko umri wa binadamu, kwani wanajiolojia wanakadiria kwamba lilifanyika chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, milima ya zamani ilipokuwa ikikandamizwa na kuchemka katika ukanda unaoteremka hadi Msumbiji. Jina lake ni changa. Lilitangazwa mwaka 1968, na katika wilaya ya Simanjiro, ilipo Mererani, wapo wazee waliokuwa wamekwisha kuanza kuchunga ndama kabla jina hilo halijatamkwa na mtu yeyote duniani.

Nimeona niiandike tarehe hii kwa sababu jina la tanzanaiti limebeba jina la nchi, na watoto wetu wengi wanalitamka bila kuambiwa ni nani aliyelifunga jiwe hili na nchi hii, wala kwa nini. Ajuaye asili ya jina lake hujua pia anachodaiwa nalo.

Majina yaliyokuja na kaskazi

Kiswahili kilikuwa na majina ya vito karne nyingi kabla ya mtu kupiga sururu Mererani. Tunasema almasi, yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, lulu na marijani, na majina haya yalitufikia kwa majahazi. Almasi na zumaridi tuliyapokea kutoka kwa Waarabu, nao waliyarithi kutoka Kigiriki: adamas, yaani kisichoshindika, na smaragdos, jiwe la kijani. Yakuti ina mzizi katika hyakinthos, neno ambalo kwa Wagiriki lilikuwa pia jina la ua. Feruzi ni neno la Waajemi, ambao machimbo yao ya Nishapur yamekuwa yakitoa mawe yenye rangi ya bahari tangu enzi za kale. Hata neno johari, ambalo kwetu ni kito chochote cha thamani, lilianzia Uajemi likapita Uarabuni ndipo likashuka pwani.

Kisha majina ya vito yakawa majina ya watu. Hakuna mji wa pwani usio na akina Almasi, Feruzi, Marijani, Johari na Lulu, na leo mzazi humpa binti yake jina la Johari kwa mapenzi matupu. Lakini tarehe haifichi kitu. Katika nchi za Kiislamu za zamani ilikuwa desturi ya mabwana kuwaita watumwa wao kwa majina ya vito na manukato, na desturi hiyo ilivuka bahari ikafika kwetu. Bwana alimwita mtu Marijani au Almasi kama anayehesabu mali iliyomo sandukuni mwake. Kwa hiyo tangu zamani, palipotajwa jina la kito palikuwa na swali la pili nyuma yake: mali hii ni ya nani?

Majina yote hayo yaliingia kwetu. Tanzanaiti ni jina la kito lililotoka kwetu likaenda kwa wengine, na leo Mwarabu, Mhindi na Mchina wanalitamka kwa ndimi zao kama sisi tunavyotamka feruzi ya Waajemi.

Mwaka 1805: jina la bwana wa Ljubljana

Jina la kwanza la madini haya halikuijua Afrika. Katika milima ya Saualpe, nchi ya Carinthia ambayo sasa ni sehemu ya Austria, palipatikana jiwe la rangi ya kijivu na kahawia ambalo wataalamu wa siku hizo hawakuwa wameliona. Kwa muda liliitwa saualpiti, kwa jina la mlima. Sampuli zake zilifika kwa Sigmund Zois, tajiri wa viwanda vya chuma aliyekaa Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia ya leo. Zois alipenda elimu, aliwasaidia waandishi na wanazuoni wa lugha ya Kislovenia kwa fedha zake, na alikusanya madini kama wengine wanavyokusanya vitabu. Yeye ndiye aliyetambua kwamba jiwe hilo ni la aina ya peke yake. Mwaka 1805 mtaalamu wa Kijerumani, Abraham Gottlob Werner, akaliita zoisaiti kwa heshima yake.

Mwisho huo wa -iti, unaoonekana katika majina mengi ya madini, ni wa Kigiriki cha kale na maana yake ni kitu chenye nasaba na kingine. Zoisaiti, basi, ni jiwe la Zois. Ndivyo Wazungu wa karne hizo walivyozoea: jiwe lilipewa jina la mlima lilikookotwa au jina la mtu aliyestahili shukrani. Zoisaiti ilikaa katika makabati ya makumbusho kwa zaidi ya miaka 160 bila kumvutia sana sonara, kwa kuwa rangi yake haikuwa na mvuto.

Mwaka 1947: almasi ya Mwadui

Kabla ya kufika Mererani, tupite Shinyanga. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na mgodi alioufungua ukatajirika haraka. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo. Ilichongwa London ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya pambo lenye umbo la ua, na hadi leo dunia inaiita Williamson Pink.

Ndani ya jina hilo hakuna Mwadui, hakuna Shinyanga, hakuna Tanganyika. Anayelisikia hawezi kujua ni udongo gani ulioizaa almasi hiyo wala ni mikono gani iliyoichekecha. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, na kilichotoka ardhini kiliitwa kwa jina la mwenye mgodi. Naliweka tukio hili hapa ili msomaji apime nalo kilichotokea miaka 21 baadaye.

Mwaka 1964: nchi yenyewe yapata jina

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Kwa miezi kadhaa nchi iliitwa kwa majina yote mawili, Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na watu wakaalikwa kupitia gazeti kupendekeza jina moja. Mohammed Iqbal Dar, kijana mzaliwa wa Tanga, amesimuliwa mara nyingi kuwa miongoni mwa walioshinda. Mwenyewe alieleza kwamba alichukua herufi tatu za mwanzo za Tanganyika na tatu za Zanzibar, akaongeza i ya jina lake Iqbal na a ya Ahmadiyya, jumuiya ya dini yake. Tarehe 29 Oktoba 1964 nchi ikaanza kuitwa Tanzania.

Jina la jiwe lilijengwa juu ya msingi huu. Tan imetoka Tanganyika, jina ambalo Waingereza walilichukua kwa ziwa la magharibi wakaliita eneo lote mwaka 1920. Zan imetoka Zanzibar, jina ambalo mabaharia wa Uajemi na Uarabuni waliipa pwani ya watu weusi. Mkia wa -iti umetoka kwa Wagiriki. Ziwa, bahari na nchi ya mbali vimekutana katika neno moja, na neno hilo likaenda kukaa juu ya jiwe la mbuga kavu ya Wamaasai.

Mwaka 1967: jiwe laonekana

Mwaka 1967 ulianza na Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari, ambalo lilitamka kwamba njia kuu za uchumi zimilikiwe na umma. Mwaka huohuo, katika mkoa huohuo wa Arusha kama ulivyokuwa siku zile, mawe ya bluu yalianza kuonekana katika vilima vya Mererani, si mbali na Milima ya Lelatema.

Juu ya nani aliyeyaona kwanza, masimulizi ni matatu, na yote yana watu wake.

Simulizi la kwanza ni la wafugaji. Inasemwa kwamba radi ilipiga, nyika ikaungua, na moto ukayageuza mawe ya kahawia yaliyolala juu ya ardhi kuwa ya bluu, ndipo wachungaji wa Kimaasai walipoyaokota wakiwa na mifugo yao. Jina la Ali Juuyawatu hutajwa miongoni mwa waliowaonyesha wengine mawe hayo. Simulizi hili lina jambo ambalo wataalamu wanalithibitisha: zoisaiti ya Mererani ikitoka ardhini mara nyingi ina rangi ya kahawia, na ikipashwa moto wa nyuzi kama 500 hadi 600 za Selsiasi, ukahawia huondoka ikabaki bluu. Kinachotoa rangi ni chembe za vanadi zilizomo ndani yake. Karibu kila tanzanaiti unayoiona dukani imepitia moto huo kwenye tanuri.

Simulizi la pili ni la Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, ambaye siku zake za mapumziko alizitumia porini kutafuta madini. Yeye alisajili vitalu vya uchimbaji katikati ya mwaka 1967. Mwanzoni jiwe lilidhaniwa kuwa yakuti samawi, lakini lilikuwa laini mno kwa yakuti. Likapewa majina mengine ya kubahatisha kabla ya wataalamu wa serikali waliokuwa Dodoma kulitambua kuwa zoisaiti, na maabara za Marekani na Ulaya zikakubaliana nao. De Souza hakuishi kuona ukubwa wa alichokisajili. Alifariki mwaka 1969 katika ajali ya gari.

Simulizi la tatu ndilo linalotambuliwa na serikali ya Tanzania: mvumbuzi ni Jumanne Mhero Ngoma, mchimbaji mdogo aliyeyaona mawe hayo mwaka 1967 na kuyafikisha kwa wataalamu. Mwaka 1984, enzi za Mwalimu Nyerere, alipewa cheti na zawadi ya shilingi 50,000. Kisha ikapita miaka 34. Tarehe 6 Aprili 2018, akiwa mzee mwenye afya dhaifu, aliitwa Mererani mbele ya umati, na Rais John Magufuli akatangaza kumpa shilingi milioni 100. Mzee Ngoma alifariki Januari 2019.

Mimi siyaoni masimulizi haya kuwa yanagombana hadi moja liue mengine. Mfugaji aliokota, mchimbaji alipeleka kwa wataalamu, fundi cherehani alisajili. Kila mmoja alifanya kazi yake, na hakuna kati yao aliyelipa jiwe jina.

Mwaka 1968: jina latoka New York

Aliyetoa jina ni Henry Platt, wa ukoo wa mwanzilishi wa kampuni ya masonara ya Tiffany ya New York, na mmoja wa viongozi wake. Mawe ya Mererani yalipomfikia aliyapenda, lakini jina la zoisaiti alilikataa. Kwa masikio ya Waingereza na Wamarekani, neno hilo linakaribia mno kufanana na neno lao la kujiua, na hakuna mteja ambaye angetaka kuvaa kidoleni kito kinachomkumbusha kifo cha namna hiyo. Platt akachagua jina la nchi lilikotoka jiwe. Mwaka 1968 Tiffany ikalitangaza kwa wateja wake kuwa tanzanaiti.

Hivyo ndivyo nchi yenye jina la miaka minne ilivyosikika katika maduka ya Fifth Avenue. Wataalamu wa madini hawakulibadilisha jina lao: katika vitabu vyao jiwe hili bado ni zoisaiti ya bluu, na tanzanaiti ni jina la biashara. Lakini dunia ilichagua. Jina la bwana wa Ljubljana lilibaki maabara, na la nchi likaenda sokoni.

Jina hilo lilitolewa ili jiwe liuzike. Hilo ni kweli na halina aibu, maana biashara ndiyo kazi ya mfanyabiashara. Hata hivyo lina ukweli ambao Williamson Pink haikuwa nao. Tanzanaiti haichimbwi kwa biashara mahali pengine popote duniani isipokuwa katika eneo dogo la kilomita chache pale Mererani. Jina linamwambia mnunuzi wa Tokyo au Chicago udongo uliolizaa jiwe lake. Tangu almasi ya Mwadui hadi hapo ilikuwa miaka 21, na katikati yake ulikuwapo Uhuru. Jiwe la kwanza liliitwa kwa jina la mwenye mgodi, hili likaitwa kwa jina la wenye nchi.

Ndugu wa kijani

Tanzanaiti ina ndugu, na habari zake zinaonyesha jinsi jina linavyoweza kuhama. Mwaka huohuo wa 1967 mwanajiolojia Campbell Bridges alipata jiwe la kijani kibichi, aina ya ganeti, huko Lemshuko katika nyika ya Simanjiro. Migodi ya Tanzania ilipotaifishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bridges aliufuata mwamba huohuo upande wa pili wa mpaka, na akalipata jiwe lilelile Kenya, karibu na mbuga ya Tsavo. Mwaka 1974 Tiffany ikalitambulisha kwa dunia, na jina, ambalo Platt alihusika tena kulichagua, likawa tsavoraiti.

Jiwe lililoonekana kwanza Tanzania likabeba jina la Kenya. Mwamba haujui mpaka, lakini jina linajua. Bridges aliendelea kuchimba katika nchi ya Taita hadi mwaka 2009, alipouawa karibu na Voi katika ugomvi wa machimbo. Wanaochimba Mererani leo hupata tsavoraiti pamoja na tanzanaiti, katika shimo moja, na moja huondoka na jina la Tanzania, jingine na jina la Kenya.

Majina ya wachimbaji

Mererani yenyewe ina majina mengi. Wakazi na serikali huandika Mererani au Mirerani, na wataalamu wa vito wa nchi za nje huandika Merelani. Mwaka 2002 sehemu hiyo ilitoka Mkoa wa Arusha ikaingia katika Mkoa mpya wa Manyara, ikiwa wilayani Simanjiro. Migodi iliyotaifishwa mwaka 1971 ilisimamiwa na shirika la umma kwa miaka mingi, huku wachimbaji wadogo wakifurika kwa maelfu, hadi serikali ilipoligawa eneo katika vitalu vinne mwaka 1990: A, B, C na D. Kitalu C kikaenda kwa kampuni kubwa, na vitalu B na D vikawa vya wachimbaji wadogo.

Wachimbaji hao nao wana msamiati wao, na tarehe ya jina la jiwe haitimii bila majina ya wanaolitoa. Wanajiita wanaapolo, jina linalokumbusha vyombo vya Apollo vilivyopeleka watu mwezini. Wenyewe huenda upande wa pili, chini, kwenye giza la mamia ya mita, wakitoka weusi tii kwa vumbi la kinywe linalofunika ngozi na kuingia mapafuni. Watoto waliotumwa kupenya katika vishimo vyembamba kufuata mshipa wa mawe waliitwa nyoka. Njia ya mgodi mmoja inapotoboa na kukutana na ya jirani chini ya ardhi huitwa mtobozano, na mitobozano imeleta ugomvi, kesi na vifo.

Aprili 1998 mvua kubwa zilijaza mashimo ya Mererani na kuua makumi ya wachimbaji. Juni 2002 wengine zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa chini ya ardhi. Machi 2008 maji yaliingia tena migodini na makumi wengine hawakurudi. Kila mmoja wao alikuwa na jina alilopewa na mama yake, na majina hayo hayajulikani kwa wanaovaa pete za tanzanaiti. Jina la jiwe linatajwa katika miji yote mikubwa ya dunia. Wanaoliendea chini ya ardhi wanatajwa nyumbani kwao tu, na hapo ndipo deni la jina linapoanza.

Jina laingia matatani

Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba nchini Marekani, gazeti moja kubwa la huko liliandika kwamba biashara ya tanzanaiti ilikuwa ikiwanufaisha magaidi. Maduka makubwa yakasimamisha mauzo, Tiffany ikiwa mojawapo, na bei ikaanguka. Februari 2002 wafanyabiashara na wawakilishi wa serikali walikutana Tucson, Arizona, wakakubaliana taratibu za kufuatilia jiwe tangu mgodini, na serikali ya Marekani ikasema haikuona ushahidi kwamba biashara hiyo ilikuwa ikiwalisha magaidi. Kwa miezi michache Mererani ilijifunza jambo gumu: jina linalotangaza nchi nzima likichafuka, linaichafua nchi nzima, na anayelala njaa kwanza ni mwanaapolo.

Mwaka huohuo jina lilipata heshima kubwa. Masonara wa Marekani wana orodha ya vito vya miezi ya kuzaliwa iliyowekwa mwaka 1912. Mwaka 2002 waliongeza tanzanaiti katika mwezi wa Desemba. Desemba kwetu ni mwezi wa Uhuru, tarehe 9. Waliochagua mwezi huo walikuwa na sababu zao, lakini Mtanzania anaweza kuupokea kwa namna yake.

Ukuta, na mawe ya Laizer

Malalamiko ya Watanzania kwa miaka mingi yamekuwa haya: jiwe lina jina letu, lakini linachongwa kwingine, hasa Jaipur nchini India, na faida kubwa hubaki huko. Mwaka 2010 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje tanzanaiti ghafi inayozidi gramu moja. Septemba 2017 Rais Magufuli aliagiza ukuta ujengwe kuzunguka machimbo, na jeshi likaumaliza kwa miezi michache. Una urefu wa kilomita 24.5 na ulizinduliwa siku ileile mzee Ngoma alipoheshimiwa. Watu huuita Ukuta wa Magufuli. Mwaka 2019 masoko rasmi ya madini yakaanza kufunguliwa nchini, ili muuzaji na mnunuzi wakutane mbele ya mizani ya serikali.

Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Simanjiro, Saniniu Laizer, alileta mawe mawili kutoka ndani ya ukuta huo. La kwanza lilikuwa na kilo 9.27 na la pili zaidi ya kilo 5, wakati jiwe kubwa zaidi lililojulikana kabla yake halikufika kilo 3.5. Serikali ilimlipa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na Rais akampigia simu kumpongeza hadharani. Agosti mwaka huohuo akaleta la tatu, lenye kilo 6.3. Laizer alisema fedha hizo zitajenga shule kwa watoto wa kijiji chake. Miaka 53 baada ya mawe ya kwanza kuokotwa, mtu wa nyika ileile alisimama mbele ya kamera za dunia na jina lake likaandikwa kando ya jina la jiwe.

Jina latoka mgodini

Jina la tanzanaiti sasa linaishi hata pasipo na jiwe. Timu ya taifa ya soka ya wasichana wenye umri chini ya miaka 20 inaitwa Tanzanite. Dar es Salaam, tarehe 24 Machi 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja jipya linalopita juu ya bahari kwa takribani kilomita moja kati ya Aga Khan na Coco Beach. Daraja la zamani lililo jirani lilipewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Jipya linaitwa Daraja la Tanzanite. Mtu anayetoka Masaki kwenda mjini leo anachagua kati ya jina la ofisa wa mkoloni na jina la jiwe la nchi yake, na vijana wanaozaliwa sasa wataliona hilo la pili kuwa la kawaida kama jina la mtaa.

Hapo ndipo tarehe hii ilipofika. Jina lililoanza kama tangazo la duka la New York limekuwa la taifa, na hakuna awezaye kulichukua tena. Lakini sehemu yake ya mwanzo, ile ya mwaka 1967, inategemea vinywa vya watu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku wachungaji walipoonyeshana mawe ya bluu sasa anakaribia miaka 70. Mzee Ngoma ameondoka, na de Souza aliondoka zamani.

Nawaomba walimu wa historia wa Simanjiro na Arusha, na vijana wenye simu za kurekodi: nendeni Mererani, kaeni na wazee mwulize nani aliokota, wapi, na waliliitaje jiwe kabla halijaitwa tanzanaiti. Andikeni pia majina ya waliokufa mwaka 1998, 2002 na 2008, familia zao zikiwa bado zinayakumbuka. Jina la jiwe limekwisha kuandikwa na wengine. Majina haya yanatungoja sisi.